Kabla Dodoso Halijafungwa

Sekela mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu naijua. Uko Mbalizi kwa bibi yako kumuaga, umeshakula mara ya kwanza, na sasa hivi anakulazimisha ule mara ya pili. Mimi niko hapa nyumbani, Soweto ya Mbeya, kwenye meza ya jikoni, nina alasiri yote kabla hujarudi. Baba yako ndiye aliyenisukuma niandike. Nilimwambia kwamba jioni nataka tuzungumze mimi na wewe kabla hujapanda gari kesho. Akaniangalia kama mtu anayelinda maziwa yasifurike, akasema, "Andika. Ukisema, utafoka tena." Nikamwambia mimi sifoki. Akarudi kwenye zipu ya begi lako, zipu ambayo haina ubovu wowote, na yeye fundi cherehani mzima anaitengeneza tangu asubuhi.

Basi naandika. Sitakuambia uvae sweta ukifika Iringa. Kule ndiko nilikozaliwa, na wewe umekulia hapa Mbeya, baridi tunaijua wote. Habari za kusali, za wanaume, za kutokula vya njiani, zote umezisikia hadi umechoka, na nyingine ulizisikia kabla hujaota meno. Nataka kurudi kwenye lile la Jumapili. Tuliliacha vibaya, na keshokutwa unaingia kwenye semina yenu ya kazi huko Iringa, na semina ikiisha, jambo lenyewe nalo limeisha.

Tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na wewe, tumetoka kanisani. Ukanionyesha kishikwambi chako cha kazi, ukaniambia, mama njoo uone dodoso letu, maswali yote haya ndiyo tutawauliza watu wa Usangu. Nilifurahi, sitadanganya. Mwanangu, kiongozi wa timu ya wadadisi, anakwenda kule kule nilikokwenda mimi, na matokeo ya kazi yake yatawasaidia wakubwa kuamua wapi pajengwe zahanati na wapi pasubiri. Nikawa nasoma kwa sauti na kucheka, hadi nikafika kwenye ukurasa wa kaya. Kaya ni watu wanaokula pamoja. Maneno yale yale. Nikakuuliza, hili bado halijabadilika? Ukasema halijabadilika na halitakiwi kubadilika, kwa sababu takwimu za safari hii lazima zilinganishwe na zile za nyuma. Nikakuambia libadilisheni. Ukaniambia, "Mama, mimi ni mgeni pale. Siwezi kuanza kazi kwa kubisha." Ukaongeza kwamba siku ya mwisho ya semina dodoso linafungwa, na likishafungwa hakuna anayeongeza hata nukta.

Hapo ndipo nilipokurushia habari ya Minza, bila hata kukueleza ni nani. Nilisema waambie hao mabosi zako kuna mtoto alikufa kwa sababu ya swali hilo. Ukaweka kisu chini, ukanyanyuka, ndizi nusu zimemenywa nusu bado. Tangu siku hiyo tunaongea habari za sukari na umeme. Wiki nzima, Sekela, mimi na wewe tunaambiana umeme umerudi, kana kwamba hatuoni taa.

Sikupaswa kukurushia. Jambo kama lile huwekwa mezani taratibu, mtu akaliangalia pande zote. Ngoja nijaribu sasa. Nusu yake unaijua, ile ya kuchekesha.

Ulikuwa bado mdogo, unasoma madarasa ya chini, nilipoanza kuitwa kwenye kazi za udadisi. Ukitaka kujua kama niliipenda kazi ile, kumbuka nilivyokuwa napiga pasi fulana yangu ya kazini, mimi ambaye shuka zenu sikuzipiga pasi hata siku moja. Niliipenda kwa sababu nilikuwa hodari. Nilikuwa na haraka. Wenzangu wakiwa bado wanatafuta kivuli, mimi nimemaliza nyumba na nimefunga mkoba. Msimamizi wetu alikuwa ananitolea mfano mbele ya wengine, na mimi nilikuwa najifanya sisikii, lakini nilikuwa nasikia vizuri kabisa.

Usidhani natetea mambo ya zamani. Ya zamani nayajua, nilikuwepo. Enzi zetu mwenyekiti wa kijiji ndiye alikuwa anatutembeza, na kwa namna ya ajabu kila nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa ya shemeji yake au ya mtu mwenye kuku wa kuchinja. Uliponiambia kwamba siku hizi kompyuta ndiyo inachagua nyumba, haimjui shemeji wala mjomba, nilitaka kupiga vigelegele. Na habari ya picha za setilaiti zinazohesabu mapaa kutoka juu, nilimsimulia mama mchungaji, akasema shetani huyo. Nikamwambia hapana, ni kazi ya mwanangu. Na hilo mnalofanya siku hizi la kurudi kijijini kuwasomea watu walichosema, sisi hatukulifanya kamwe. Tulikuwa tunachukua maneno ya watu na kuondoka nayo.

Sasa Usangu. Uwanda ule unaujua kwa kupita barabarani tu. Ukiacha lami ukaingia ndani, unakuta Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini miaka mingi nyuma. Mzee Masanja alikuwa mmoja wao. Mji wake, yaani boma la familia yake, ulikuwa mkubwa, umezungushiwa minyaa, ndani nyumba nne za wake wanne, watoto, wakwe, ng'ombe, mbwa, kila kitu. Nilifika asubuhi, nikasema "mwangaluka", salamu ya asubuhi, neno pekee la Kisukuma nililokuwa nalo. Nililisema kwa lafudhi ya Kihehe, wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Nikapendwa papo hapo.

Kwa Wasukuma wa namna ile wanaume wana moto wao, wanauita shikome. Jioni na asubuhi wanaume na wavulana wote wa mji wanakaa pale, chakula kinaletwa pale, wanakula pamoja. Mwanamke hakai pale. Lakini mimi nilikuwa mgeni wa serikali, nina fulana na mkoba, kwa hiyo nilipewa kigoda changu kwenye moto wa wanaume, karibu na mzee mwenyewe. Unaweza kufikiria nilivyojisikia. Nilikaa nikanyoosha mgongo.

Chakula kikaja. Wasichana wanapiga magoti, wanaweka, wanaondoka. Ugali kutoka nyumba ya kwanza, ugali kutoka nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, na maziwa mgando, na majani ya kunde ya kukausha. Wanaume wanamega huku, wanahamia kule, na mimi kwa adabu nikamega kote. Hii ndiyo nusu uliyokuwa unaipenda ukiwa mdogo, mama aliyekula ugali wa nyumba nne akashindwa kusimama. Ulikuwa unaniomba niigize nilivyonyanyuka. Nilikuwa naigiza.

Katikati ya kula nikamuuliza Mzee Masanja maswali yangu, naye akajibu yote, mtu mkarimu, mwenye sauti nzuri. Nikauliza, mzee, hapa mnakula pamoja? Akanionyesha mabakuli kwa mkono, akasema, si unaona mwenyewe. Niliona mwenyewe. Nikaandika kaya moja.

Na nilikuwa na hakika, hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mimi nimekulia nyumba yenye jiko moja. Kwetu Iringa mama alisonga ugali mmoja, tukauzunguka wote, baba na bibi na sisi, na aliyechelewa alikula ukoko. Mtu tuliyekula naye ndiye wa nyumbani, basi. Kwa hiyo nilipokaa kwenye moto wa Mzee Masanja nikaona watu wengi wanakula kwa furaha, kichwa changu kiliona nyumbani kwetu, ila kukubwa. Sikugeuza shingo kuangalia ule ugali ulikuwa unatoka wapi.

Nimesimama kidogo. Mvua imeanza kugonga bati, hii mvua ya kwanza ya msimu ambayo hainyeshi vizuri wala haiachi. Nimechungulia nje kama mtu anakuja, hakuna mtu. Nimebandika chai. Sinywi chai saa hizi, nimebandika tu.

Baadaye msimamizi akachagua baadhi ya nyumba tuzirudie, kuhakikisha tumeandika sawasawa. Mji wa Mzee Masanja ukawemo. Nilipofika, wanaume wote wamekwenda mnadani na ng'ombe, shikome ni majivu matupu, na mvua inakuja. Mke wa pili akaniita kutoka mlangoni kwake, dada, utalowa, ingia. Ndiye Minza. Unamjua, ndiye mama Kabula wa mchele, anayepita hapa kila akija kuuza Mbalizi, ambaye ukimwona unajua tu leo mama hatatulia hadi mgeni aondoke. Sasa unajua kwa nini.

Nikaingia jikoni kwake, nikakaa chini, hakukuwa na kigoda. Nikaona ghala lake. Akanieleza majaruba yake ya mpunga, anayolima yeye na watoto wake tu. Mke mkubwa ana yake, wa tatu ana yake. Mpunga wake ukifa maji, anakwenda kwa kaka zake kuomba, haendi nyumba ya jirani, hatua chache kutoka pale. Chumvi ikiisha hamwombi mke mwenzake. Mtoto wake akishikwa na homa, yeye ndiye anayembeba, mguu kwa mguu, hadi barabarani. Alikuwa anasimulia huku anakoroga chungu, hana uchungu, ananieleza tu jinsi nyumba yake inavyokwenda. Kisha akauliza, "Ile siku ulituandika nyumba ngapi?"

Nikamwambia moja. Akacheka kidogo. "Haya," akasema, "basi mimi niko kwenye ugali wa mzee."

Nilielewa pale pale, Sekela, na huko kuelewa ndiko kunakonitesa. Ningekuwa sikuelewa ningelala vizuri miaka yote hii. Nilielewa kwamba mji ule una nyumba nne zenye njaa nne tofauti na shibe nne tofauti, na kwamba uwanda mzima umejaa miji kama ule, na sisi wadadisi wote tulikalishwa kwenye moto wa wanaume kwa heshima, tukaandika moja, moja, moja. Kijiji chenye wanawake wengi wa kuzaa na watoto wengi wa kuugua tulikipeleka kwenye karatasi kikiwa kijiji kidogo.

Garini nilimwambia msimamizi. Akasema umefuata maelekezo, swali linasema wanaokula pamoja, wewe umeandika wanaokula pamoja, kazi nzuri. Na ni kweli nilifuata. Nikakaa kimya nikaangalia dirishani. Sikilaumu sana kimya cha siku ile.

Kimya ninachokilaumu ni kingine. Walituita mjini kwenye mkutano wa matokeo, ukumbi una viti vya kufunikwa vitambaa, kila mtu na soda yake. Wapo watu wa mipango, wapo wa afya, na sisi wadadisi tumepangwa nyuma. Kijana mmoja mtaalamu akawasha projekta. Alikuwa kijana mzuri, namkumbuka, alieleza kwa upole na alijua anachokisema. Akaonyesha nguzo za rangi, kila kijiji na nguzo yake, kaya nyingi nguzo ndefu, kaya chache nguzo fupi. Nikaitafuta ya kwa Minza. Ilikuwa fupi, iko karibu na sakafu. Akasema zahanati inayopangwa kwa upande ule ingefaa iende kwenye kijiji cha barabarani, pale ambapo kaya ni nyingi. Watu wakaandika. Kisha akaizima projekta, akageuka, akauliza, "Kuna swali?"

Nilikuwa na swali. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa, nimeshalipanga. Mkono ulikuwa juu ya goti, nikauangalia. Nikajiambia, mimi nani. Nikajiambia hawa wamesoma, labda wameshalifikiria. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo dogo la aibu: nilitaka niitwe tena. Mdadisi anayebisha mbele ya wakubwa haitwi tena. Basi nikanywa soda. Mzee mmoja mbele akauliza magari ya kuturudisha yanaondoka saa ngapi, ukumbi ukacheka, mkutano ukafungwa. Na kweli niliitwa tena, mara nyingi.

Zahanati ikajengwa barabarani. Siwaonei wivu waliopata, nao wanazaa na kuugua. Mvua za mwaka uliofuata, Minza akashikwa uchungu usiku, njia imekatika, pikipiki haipiti. Wakampakia kwenye mkokoteni wa maksai. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa unashika gurudumu haliendi mbele wala nyuma, na pale ndipo walipokwama. Alizaa juu ya mkokoteni, wamemfunika turubai. Yeye akapona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Aliyenisimulia ni Minza mwenyewe, hapa hapa jikoni, amekaa kwenye kiti ulichokalia Jumapili, na mfuko wa mchele miguuni. Hakunilaumu, hata hakuhusisha. Mimi ndiye niliyehusisha, kimoyomoyo, na nikainuka kumwongezea chai kikombe kikamwagika.

Jumapili ulisema jambo moja kabla hujanyanyuka, na nataka ujue nililisikia. Ulisema namba moja haiamui kitu peke yake. Ni kweli. Labda zahanati ingekwenda barabarani hata kama ningepiga kelele ukumbini. Anayeamua ana mengi mezani kwake, barabara, watumishi, bajeti, mbunge. Labda mkokoteni ungekwama vilevile. Sijui, mwanangu. Nimeligeuza jambo hili miaka yote na sijui. Lakini kuna kutojua kwa mtu aliyesema akapuuzwa, na kuna kutojua kwa mtu aliyekunywa soda. Mimi ninacho hiki cha pili, na sikitaki kiwe chako. Ndiyo maana nilifoka. Haya, nimekubali, nilifoka. Usimwambie baba yako.

Na kuna kitu kingine nimekikumbuka juzi nikiwa nafua. Kabla sijaanza kupaza sauti ulikuwa umeanza kusema, labda tungeongeza swali la pili. Ulisema hivyo, sauti ndogo, na mimi nikakukata. Nimemwuliza baba yako kwa lugha ya cherehani, kwamba kama mteja ana vipimo vyake vya zamani na vimekosewa, unafanyaje. Akasema kile cha zamani hukifuti, kwa sababu ndicho utakachotumia kujua kama mteja amenenepa. Unapima upya na kuandika pembeni. Nikakaa kando ya beseni la nguo nikacheka peke yangu. Wewe ulikuwa umeshasema. Acha swali lao libaki, wapate kulinganisha, uliza na la pili, majiko ni mangapi. Jibu lilikuwa lako Jumapili nzima, na mimi nikawa naligombania na mwenye nalo.

Kwa hiyo sikuandikii kukupa jibu. Kinachonikosesha utulivu ni kwamba jibu unalo, na unaweza kukaa nalo kimya kama mimi. Nakujua. Wewe ni mtu wa adabu, nilikulea hivyo mwenyewe, na sasa adabu yenyewe naiogopa. Watakukalisha vizuri. Pale semina utapewa kiti na chupa ya maji na beji ya jina. Kule Usangu utapewa kigoda. Kaa, kukataa si heshima, na ugali wao ni mtamu. Lakini moshi ukitoka mahali, nyanyuka uende ukaone nani yuko kwenye moshi.

Sijui kama niongeze hili linalofuata. Naongeza. Minza amepiga simu asubuhi, habari za mchele. Nikamwambia mwanangu anakuja kwenu na watu wa takwimu. Akasema, "Akija, asikae kwa wanaume tu. Apite na kwa Kabula." Kabula, yule binti yake aliyekuwa anakusuka nywele hapa barazani, ameolewa uwandani kule kule, mji mkubwa kama wa marehemu Mzee Masanja, yeye mke mdogo, jiko lake na jaruba lake. Ni mjamzito. Atajifungua katikati ya mvua hizi zinazoanza.

Nakuambia ukweli wote, usije ukajibebesha. Hakuna utakachokisema Iringa kitakachokausha njia ya Kabula msimu huu. Dodoso si tofali. Nimeshakubaliana na Minza, mvua zikizidi Kabula aje akae hapa kwetu mapema, atalala chumbani kwako, usinune. Hilo ni letu mimi na Minza. Lakini wapo akina Kabula wengine ambao mama zao hawana wa kumpigia simu Soweto, na hao nafasi yao iko kwenye dodoso hilo, na dodoso linafungwa.

Hapo nilitaka kumalizia. Nikanyanyuka kuzima jiko, kumbe chai imekauka yote, sufuria imeungua, na wewe umeingia getini na ndizi za bibi yako kichwani.

Sasa ni jioni. Umenisalimia, umeniambia umeme wa Mbalizi umekatika, nimekuambia wa huku upo. Umeingia kuoga. Naandika haraka, nimesimama, kwa sababu ukuta wa bafu letu unaujua, ni tofali moja tu kati yake na jiko, na wewe umefungua maji ukidhani sisikii.

Unasema peke yako. Mwanzo umesema, "Samahani, sijui kama ni mahali pake kulisema hili." Ukamwaga maji. Ukaanza tena, "Ndugu mratibu, kwa heshima zote, samahani, nilikuwa na wazo dogo tu." Maji yakaendelea kumwagika hadi nikadhani umemaliza. Baba yako naye ameacha zipu, amesimama mlangoni, tunaangaliana kama wezi.

Kisha umesema, kwa sauti yako ya kawaida, ile unayoniulizia chumvi iko wapi, "Mimi nina swali. Kwenye mji wenye majiko manne, tunamhesabu nani?"

Nilikuwa nimefikiria kuichana barua hii, maana naona huihitaji. Naikunja hivyo hivyo, naiweka chini ya sweta zako, utaikuta Iringa. Ukiisoma kabla ya semina, usishughulike na mengine yote niliyoyaandika.

Ile ya tatu, Sekela. Ile isiyo na samahani.

Mama yako